Kasha la Kamera na Mlango wa Dema

Dema hutazamwa mlangoni kwanza. Mvuvi akija kununua kwangu, hapigi mbavu za mtego wala hanusi mianzi. Anapiga goti, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kupitia ule mlango unaoingia ndani kwa kusinyaa kama shingo ya mtungi, kisha anautoa polepole. Mkono ukikwaruzwa wakati wa kutoka, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha kuusuka mlango huo. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo niliacha shule ili wadogo zangu wawili wasiache, na mlango ule ndio uliotupatia ugali wa muhogo na kitoweo chake.

Basi mdogo wangu wa mwisho aliponiwekea mikononi kasha la plastiki la kuzamishia kamera, katika duka moja la vifaa vya simu mjini Mtwara, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta mlango wake.

Sababu ya kuwa pale dukani ilianzia baharini. Kwa misimu miwili nilikuwa nayapaka madema yangu mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi yakikugusa. Kwetu Msimbati watu huyapaka mbao za vyombo ili wadudu wa baharini wasizitoboe. Nikasema, kama yanalinda mtumbwi, yatashindwaje kulinda dema? Na kweli, madema yangu yakawa hayaozi. Nilijivuna. Lakini mdogo wangu wa kati, ambaye ndiye mvuvi wa familia na anavulia mitego yangu, akaanza kurudi na samaki wachache, na wateja wengine nao wakaanza kulalamika.

"Mlango umeupanua," mdogo wangu aliniambia. "Samaki wanaingia, wanasalimia, wanaondoka."

"Mlango ni uleule wa baba."

"Wa baba ulikuwa unakamata."

Mzee mmoja jirani alisema ni husuda. Wengine walisema bahari imechoka. Mimi sikujua la kusema, na kutojua huko ndiko kulikoninyima raha. Nilikuwa nimejenga nyumba za samaki karibu maisha yangu yote na sijawahi kumwona mpangaji hata mmoja akiwa nyumbani kwake. Ukizamia kwenda kutazama, wanakukimbia. Unachokiona ni wale waliobaki mtego ukivutwa juu. Waliokuja wakaghairi, hao hakuna anayewajua.

Kitinda mimba wetu anarekodi harusi na ngoma. Kamera yake ya video inaenea kiganjani, na aliinunua kwa jasho lake baada ya kuhangaika na za kuazima. Hana nyingine. Siku moja nilimkuta anaifuta kioo kwa kipande cha pamba, nikamuuliza:

"Hicho kidude chako kinaweza kuoga?"

Aliniangalia kama niliyeuliza kama mtoto mchanga anaweza kulala juu ya paa.

"Kuoga wapi, kaka?"

"Ndani ya bahari. Karibu na dema."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Aliendelea kufuta kioo muda mrefu. Mwishowe akasema, "Yapo makasha ya kuizamishia. Ila Jumamosi ya wiki ijayo nina harusi Mikindani. Watu wale wameniamini mimi. Maji yakiingia, kamera imekufa, na harusi haina marudio. Waniite tapeli, nirudi kuazima?"

"Kasha nitalichagua mimi."

"Utalichagua wewe, nitalijaribu mimi."

Tukakubaliana hivyo, tukapanda gari la mjini.

Muuza duka alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Alituwekea juu ya meza vitu vya aina tatu. Cha kwanza kilikuwa mfuko laini wenye dirisha la plastiki, mdomo wake unakunjwa na kubanwa. Cha pili kilikuwa kasha zito la chuma, zuri kama mkufu wa bibi harusi. Kumbe lilitengenezwa kwa kamera ya aina nyingine. Ya kwetu ilicheza ndani yake kama kokwa kwenye embe lililokauka. Cha tatu kilikuwa makasha mawili ya plastiki ngumu inayopenya mwanga, yote saizi yetu: moja lilikuwa na vitufe kila upande, na jingine kitufe kimoja tu, cha kuanzisha na kusimamisha.

"Chukua huu mfuko, mjomba," kijana alisema. "Watalii wanaogelea nao."

"Wanafika pima ngapi?"

"Wanaogelea tu, mjomba."

Niliufunga mfuko ukiwa na hewa, nikaukandamiza kwa viganja. Dirisha likabonyea ndani. Dema letu hukaa pima tatu chini, na huko maji hayakumbatii kwa upole. Yangeubana mfuko ule hadi vitufe vya kamera vikajibonyeza vyenyewe. Nikauweka pembeni.

Mdogo wangu alikuwa ameshalishika lile kasha la vitufe vingi. Alivibonyeza kimoja kimoja, uso umemng'aa. "Hili, kaka. Naweza kusogeza picha, kupunguza mwanga, kila kitu."

"Kila kitufe kimepitia wapi kuingia ndani?"

"Kwenye tundu."

"Basi umeshika chujio."

Kijana wa duka aliangua kicheko. "Lakini kila tundu lina mpira wake, mjomba!"

"Na kila mpira una siku yake ya kuchoka. Nipe lenye tundu moja."

"Nikishaizamisha sitaweza kubadilisha chochote," mdogo wangu alilalamika.

"Dema nalo hulibadilishi likishazama. Unalipanga vizuri ukiwa juu."

Alininunia, kisha akageuka kumuuliza kijana maswali ambayo mimi nisingejua kuuliza: kioo cha mbele kina mikwaruzo? Vibano vinashika sawasawa pande zote? Mpira wa akiba upo? Tulitoka na kasha la kitufe kimoja na mipira miwili ya akiba. Njiani, gari likipita Madimba, alilifungua na kulifunga hadi abiria wa mbele akageuka na kumwambia, "Dada, hicho kibano kitafia mikononi mwako."

Nyumbani, nilipouona ule mpira mwembamba ukizunguka mdomo wa kasha, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kopo la mafuta meusi.

"Kaka!" Alinipokonya. "Kila kitu wewe unapaka mafuta! Haya yataula mpira."

Tulilijaribu kwanza likiwa tupu, ndani yake tumeweka tishu na jiwe la kulizamisha. Mdogo wetu wa kati alilishusha kwa kamba, akalipandisha. Kona moja ya tishu ilikuwa imelowa. Kitinda mimba aliupitisha ukucha wake juu ya mpira, akatoa uzi mdogo wa mwanzi, mwembamba kama unywele. Ulikuwa umetoka kwenye viganja vyangu. Msuka dema haishiwi nyuzi hizo, zimo kwenye nguo na hata kwenye ndevu. Tangu hapo sikuruhusiwa kuligusa kasha likiwa wazi. Alilifunga yeye, likashuka tena na kupanda, na tishu ikawa kavu.

Tulisubiri siku za maji mafu, ambapo bahari haivuti sana na maji yanaonyesha mbali. Bahati nzuri ulikuwa msimu wa kiangazi. Mvua zikikolea, Ruvuma inatushushia tope na maji yetu yanageuka chai ya maziwa. Nilisuka tenga dogo la fito la kuishikilia kamera isielee, nikalielekeza kwenye madema mawili: langu jipya jeusi, na dema kuukuu la mdogo wangu wa kati, lisilowahi kupakwa kitu, lililoota ukijani mwili mzima. Milango ya yote mawili nilikuwa nimeipima mwenyewe. Ilikuwa sawa.

Mara ya kwanza tulipata weupe mtupu.

"Kumbe samaki wetu wanaishi mawinguni," mvuvi wetu alisema.

Kitinda mimba hakucheka. Alikuwa ameuona ukungu ndani ya kioo. Alilifuta kasha, akajifunga kanga kichwani ili nywele zisidondoshe tone, akafungua taratibu. Alitia kidole. Akatia tishu. Kukavu.

"Ni jasho," alisema hatimaye. "Tulilifunga juani. Hewa ya moto imeshuka kwenye baridi."

Siku iliyofuata alilifunga alfajiri kivulini, akatia ndani vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Akanikabidhi kasha bila kunitazama. Harusi ilikuwa keshokutwa. Sikulibeba kama plastiki; nililibeba kama nilivyokuwa nikimbeba yeye mgongoni kwenda kliniki.

Kamera ilirudi kavu. Tulikaa uani na kujifunika kanga moja, sisi watatu, ili jua lisituzuie kuona kile kioo kidogo. Mwanzo kulikuwa na vumbi la mchanga. Kisha samaki wa tasi wakaja, kundi zima, wakaliendea dema kuukuu na kuanza kula ule ukijani kwenye mbavu zake. Walikula wakizunguka, na kwa kuzunguka wakafika mlangoni, na kwa kufuata majani wakajikuta ndani. Mmoja alitoka, akaangalia huku na huku, akarudi. Nilipiga kelele kwa mshangao.

"Ametoka! Umemwona? Ametoka na amerudi mwenyewe!"

Dema langu lilisimama pembeni, safi na jeusi. Samaki walilipita kama mtu anavyopita ukuta. Pono mmoja alilisogelea, akasita, akageuka.

"Mlango hauna kosa," mdogo wangu wa kati alisema. Nilisubiri kejeli. Akaongeza tu, "Umeosha sahani hadi wageni wanadhani hamjapika."

"Rudisha nyuma," nilimwambia kitinda mimba. "Pale anaposita."

Tulimtazama yule pono tena na tena. Inawezekana ni mafuta. Inawezekana ni upya tu, na mtego wowote mpya ungekimbiwa vilevile. Kamera haikusema. Nimeshasuka madema mawili, moja bila mafuta na moja limepakwa, yatashuka siku moja. Naona hamu ya kujua imenipunguzia miaka.

Jumamosi nilikwenda Mikindani nikasimama nyuma ya wanaume wenzangu. Taa nyekundu ya kamera ilipowaka ndipo nikakumbuka kupumua. Alirekodi yote, kuanzia hina hadi bi harusi kuingizwa ndani.

Wiki iliyofuata tuliwapelekea wenye harusi video, wakaiweka kwenye televisheni sebuleni, nyumba nzima imekaa mkekani. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa tasi. Kitinda mimba alishika kichwa, alikuwa amesahau kuwaondoa. Walikuwa wanakula mbavu za dema, wanazunguka, wanaingia, mmoja anatoka na kurudi, na mara bi harusi akatokea na ushungi wake.

"Samahani sana, mama, nitaikata hiyo—"

"Ukate nini?" alisema bibi yake bi harusi, mkono juu. "Waache hapo hapo. Hao wanakula na hakuna anayewafukuza. Rudisha, nimwone yule aliyetoka akarudi."

Mdogo wangu aliniangalia, akabonyeza kitufe.