Saa Nzima ya Mpima Damu

Mpima damu wa kliniki yetu ya Kisumu Ndogo hakugusa kazi kabla ya kwenda kanisa la mabati la jirani kuomba ngoma zinyamaze saa nzima, kwa sababu meza ikitikisika damu inadanganya. Walishamzoea, saa hiyo wakaiita maombi ya kimya. Kisha alisimamisha damu ya mgonjwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akakunja mikono na kuitazama ikituama. Mwili ukipigana na viini vya ugonjwa, alitueleza kila siku kama hatujawahi kusikia, unamwaga protini kwenye damu, na chembe nyekundu zinashikana na kuzama mbio. "Ngoja saa iishe," alimwambia kila mtu, hata Celine, nesi wetu, ambaye hangoji mtu.

Julai ya tisini na sita mpima damu mwenyewe alikuja kazini na jipu kwapani, akitetemeka ndani ya makoti mawili. Akajitoa damu mwenyewe, akaenda kunyamazisha kanisa, akarudi kuketi mbele ya mrija. Nusu saa haijafika, chembe zilishashuka hadi katikati.

"Twende hospitali," Celine akasema.

"Saa haijaisha, sista."

Celine akapanda kiti, akausogeza mshale wa saa ya ukutani hadi saa ikatimia, mpima damu akimtazama. Mpima akaiangalia saa, akasoma mrija, akaandika kwa mwandiko wake safi: mgonjwa apelekwe hospitali haraka. Akapiga muhuri, akanikabidhi karatasi mimi niliyeita wagonjwa, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, nyuma ya akina mama watatu, angoje kuitwa.