Jina Lililokaa Tu

Ofisini walimwita Mzee wa Majina, ingawa alikuwa na miaka arobaini na moja tu na mvi zake zilihesabika. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutunza kompyuta za kampuni moja ya bima. Kazi iliyompa lakabu ile haikuwa na mshahara hata wa dawa: kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, aliketi kwenye meza ya kulia chakula na kugawa majina.

Waandishi wa programu wana ghala lao la pamoja mtandaoni. Mtu akiandika kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja vizuri, tuseme kupanga tarehe au kusoma anwani, hukiweka humo bure, na kila anayekitaka hukichukua. Kipande hicho huitwa moduli. Kila moduli ina jina lake, na jina likishachukuliwa limechukuliwa, hakuna wa pili. Basi watu huwahi. Mtu anapata wazo akiwa anaoga, anatoka mbio na taulo kiunoni kwenda kulishika jina, na kabla hajakauka mgongo wazo lenyewe limeshamtoka. Ghala limejaa majina mazuri ambayo ndani yake hamna kitu.

Kwa hayo kuna sheria. Jina likikaa tupu miaka miwili na mtu mwingine akaliomba, mtunzaji wa zamu humwandikia mwenye jina barua. Zikipita wiki tatu, humkumbusha mara moja. Zikitimia wiki sita kimya, jina linakwenda kwa mwombaji. Mzee wa Majina aliipenda sheria hii kama watu wengine wanavyoipenda timu yao ya mpira.

"Kitu kimekaa tu," alikuwa akisema, "na kuna mtu anakihitaji. Sasa ugomvi uko wapi?"

"Siku nitakapokukuta umekaa tu kwenye kochi hilo," mkewe humjibu, "nitaandika barua moja, nikugawe."

Asubuhi ya Jumatatu moja alifungua maombi mapya, chai ikiwa bado inamuunguza mdomo. Kulikuwa na matatu. La kwanza na la pili aliyapitisha bila kufikiri. La tatu lilitoka kwa wanafunzi fulani waliotengeneza programu ya kuwafundisha watoto vipimo. Waliomba kwa adabu, na sababu zao zilikuwa nzuri. Jina walilolitaka ni shibiri. Lilishikwa miaka sita iliyopita na ndani yake hamkuwa na hata mstari mmoja.

Hakuhitaji kutazama mwenye jina ni nani. Siku jina lile liliposhikwa yeye alikuwa amekaa pembeni, magoti yake yakigusana na ya dada yake, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao.

Mama alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia aliuvaa shingoni kama pambo tu. Kipimo chake kilikuwa shibiri. Alitanua kiganja, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, akakitembeza mgongoni kwa mteja, akasema, "Nne na vidole viwili," na gauni likakaa mwilini kama ngozi. Wateja waliohamia mbali walimlilia awashonee, na watoto wake wakapata wazo: waandike moduli ya kugeuza shibiri za mama kuwa sentimita na sentimita kuwa shibiri, ili mteja ajipime hukohuko aliko. Dada ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuandika msimbo. Alikuwa amekuja likizo kutoka nchi aliyofanyia kazi, na yeye ndiye aliyelishika jina. Walipatana hivi: dada atafute namba, yaani urefu wa shibiri ya mama, na mdogo aandike yaliyobaki. Mama mwenyewe kila wakimwekea rula alificha mkono akicheka. "Mkono huu unapima watu," alisema. "Ninyi mnipime mimi kwa lipi?"

Dada akarudi kazini kwake. Mdogo akasema ataandika wiki ijayo, na mnazijua wiki zijazo zilivyo. Mwaka uliofuata mama akafariki.

Dada hakuwahi mazishi. Alipofika, miezi miwili ilikuwa imepita, na kwenye chumba cha mbele alikuta alama nne sakafuni, pale iliposimama miguu ya cherehani. Mdogo wake alishaigawa. Siku ya ishirini baada ya mazishi alimpa binti aliyekuwa akijifunza kazi kwa mama, binti mzuri, mchapakazi, asiye na mashine yake mwenyewe. Alifanya kwa nia njema na alijiona mwema.

"Uliniuliza?" dada akasema.

"Lakini dada, ilikuwa imekaa tu."

Dada hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alichuchumaa akazigusa zile alama moja moja, akainuka, akachukua mkoba wake. Namba yake ya simu ikabadilika. Miaka minne ilikuwa imepita tangu mchana ule, na katika miaka hiyo hapakuwa na siku ambayo Mzee wa Majina alisikia mtu akiita "dada" barabarani asigeuke.

Sasa alikuwa na shibiri mbele yake. Alimpigia mwenzake wa ghala, mama mmoja mstaafu waliyefanya naye kazi hii miaka mitano bila kuonana uso kwa uso, akamweleza kwamba mwenye jina ni nduguye.

"Basi uamuzi uko kwangu," yule mama alisema. "Barua andika wewe, zamu ni yako. Ila sheria ni ileile, mwanangu. Wiki sita."

"Nikimwongezea muda kidogo?"

"Wangapi wameomba muda kwako ukawakatalia?"

Aliaga, akakata simu.

Barua ya ghala ina maneno yaliyokwisha kuandikwa; mtunzaji hujaza jina na tarehe tu. Alijaribu kuongeza neno. Aliandika, "Dada, ni mimi," akafuta. Akaandika, "Habari za siku nyingi," akaona haya, akafuta. Saa ya kwenda kazini ikamkuta hapo, na kwa woga akaituma kama ilivyo: "Ndugu mmiliki, jina ulilolishika limekaa bila kutumika. Usipojibu ndani ya wiki sita, litakabidhiwa mwombaji." Chini yake ikasimama saini yake mwenyewe.

Alipokuwa ngazini ndipo alipoyasikia maneno yale kwa masikio ya dada yake. Limekaa bila kutumika. Alisimama akiushika ukuta. Kati ya maneno yote ya ulimwengu huu, baada ya miaka minne ya kiu, alikuwa amempelekea yaleyale yaliyomfukuza.

Wiki ya kwanza ikapita. Alikagua barua pepe akipiga mswaki, akingoja lifti, na mara moja msibani, jambo lililomfanya mkewe amfinye paja. Wiki ya pili ikapita. Wanafunzi wakaandika kuuliza kwa upole, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwachukia watu wasiomkosea chochote.

Jumamosi ya wiki ya tatu alikata shauri. Angekwenda kwa yule binti airudishe cherehani. Angeirudisha kwenye alama zake nne, apige picha, amtumie dada. Ndiyo dawa. Alitembea hadi kwenye duka dogo la ushonaji nyuma ya soko, maneno ameyapanga mdomoni.

Binti alikuwa mwanamke mzima sasa, na watu walimwita Fundi. Cherehani ilikuwa mlangoni penye mwanga. Fundi alikuwa na mlima wa sare za shule upande mmoja na mteja amesimama katikati ya chumba mikono juu. Akatanua kiganja, akakitembeza mgongoni kwa yule mteja. Mzee wa Majina aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Mteja alipoondoka, Fundi akamsogezea kiti. "Kaka, umepotea hivyo? Kuna nini?"

Maneno aliyoyapanga yakayeyuka. Hakuweza kuiomba mashine ile. Akamweleza habari nzima badala yake: jina, barua, wiki tatu za ukimya.

Fundi alimsikiliza huku akikata nyuzi kwa meno. "Mimi nilidhani unajua," akasema. "Dada hunipigia kila mwisho wa mwezi."

"Dada yupi?"

"Dada yako. Tukishasalimiana ananiambia, weka simu hapo mezani, shona. Basi nashona. Hasemi kitu. Anasikiliza mashine, dakika kumi, robo saa, kisha ananiaga."

Miaka yote ile alidhani dada yake amejifungia mahali pasipo na mlango, kumbe mlango ulikuwepo, nyuma ya soko, na kila mtu aliutumia isipokuwa yeye.

"Nipe hiyo namba," alisema. "Fundi, nakuomba. Tafadhali."

Fundi aliinamisha kichwa. Alimheshimu, ndiye aliyemfungulia maisha. "Kaka, namba nilipewa mimi," alisema taratibu. "Nikikupa bila kumuuliza mwenyewe, nitakuwa nimefanya kama ulivyofanya wewe."

Lilimwingia. Alikaa nalo pale kitini mpaka Fundi akashona mkono mzima wa sare.

"Kwa hiyo hana hasira na mashine," alisema hatimaye.

"Hasira na mashine? Yeye ndiye anayeniambia niitie mafuta. Kaka, si una barua nyingine unayoruhusiwa kumwandikia? Mwandikie basi. Lakini mwandikie kama mtu."

Barua ya kumkumbusha aliiandika siku ileile, mezani, mkewe akimenya viazi upande wa pili. Safari hii aliyafuta maneno yote ya ghala, kosa ambalo lingemtoa kwenye zamu mtunzaji mwingine yeyote.

"Dada. Wapo wanafunzi wanaolitaka jina letu. Ukisema wapewe, watapewa, na sitalalamika. Ukisema libaki, libaki. Mimi mwenyewe ningependa libaki. Cherehani ya mama niliigawa bila kukuuliza, nikasema imekaa tu. Haikuwa imekaa tu. Ilikuwa inakungoja. Nimechelewa miaka minne, ila safari hii nakuuliza."

"Mwambie na mimi namsalimia," mkewe alisema bila kuinua macho, na alipomtazama aliona viazi vinalowana kwa machozi. "Vitunguu," akasema. Mezani hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Wiki ya nne kimya. Ya tano kimya. Yule mama mstaafu akamkumbusha kwa neno moja: "Jumatatu." Mzee wa Majina hakuomba chochote. Jumapili alisafisha meza, akawaandalia wanafunzi barua ya pongezi, akaiacha tayari kutumwa. Alitaka ajikaze kisabuni, na karibu aweze.

Jumatatu asubuhi alifungua ghala. Kwenye ukurasa wa shibiri, ulioandikwa "Hakuna kitu" kwa miaka sita, palikuwa na toleo la kwanza. Liliwekwa siku hiyohiyo. Alilifungua. Ndani mlikuwa na mstari mmoja tu wa msimbo, namba: 19.5. Juu ya namba, mahali pa maelezo, dada yake alikuwa ameandika:

"Shibiri ya mama, kwa sentimita. Nilimpima siku niliyoondoka, akiwa amelala mchana. Namba ilikuwepo siku zote. Nilikuwa nakusubiri wewe uandike yaliyobaki. Wanafunzi waambie waitumie wapendavyo."

Barua pepe ikaingia, ile ya mashine ya ghala isiyojua inasema na nani: "Umealikwa kuwa mmiliki mwenza wa shibiri. Kubali au kataa."

Hakubonyeza mara moja. Alichukua rula ya mtoto wao kutoka kwenye mkoba wa shule, akailaza mezani, akatanua kiganja chake juu yake. Mkono wake ulifika ishirini na mbili. Akalirudisha dole gumba taratibu, ishirini na moja, ishirini, mpaka kwenye kumi na tisa na nusu, akaacha mkono hapo. Ulikuwa mdogo mkono ule. Alikuwa amesahau kwamba ulikuwa mdogo.

Mkewe alikuja na chai akamkuta hivyo, kiganja kimetanuka juu ya rula, anajaribu kubonyeza kwa mkono wa kushoto.

"Unafanya nini?"

"Usiniguse," alisema. "Nimemshika mama."

Mkewe akaweka chai chini, akanyoosha mkono juu ya bega lake, akasoma, akambonyezea kubali.