Nilimwita Kaka Awe Shahidi wa Wasia Wangu

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno mengi. Nilikuwa askari magereza Jinja, na huko nikamwoa Tabisa, msichana wa Budondo. Nilipostaafu tulihamia kwetu Mbale, tukajenga nyumba ndogo Namatala kwa akiba ya mshahara wangu na mandazi aliyouza. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina langu peke yangu. Akinikumbusha niandike wasia, namjibu, "Unanichimbia kaburi na bado nakula vizuri?" Tunacheka, yanaisha.

Presha nilikuwa nayo, ila dawa nilimeza nikijisikia vibaya tu. Asubuhi moja nanyoa ndevu, wembe ukanidondoka. Nikainama kuuokota, nikaanguka kiubavu. Mdomo ulipinda, mate yakanitoka, mkojo ukalowesha suruali mbele ya wanangu. Hilo la mkojo liliniuma kuliko kuanguka.

"Ni kiharusi," daktari alimwambia Tabisa hospitalini. "Anaweza kupata nafuu polepole. Tungoje."

Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi. Ulimi ulikuwa mzito, sikuweza kutamka hata jina langu. Lakini masikio yalikuwa mazima, na watu hawakujua.

Kaka yangu mkubwa, Wambede, alitoka kijijini akawa analala sakafuni kando ya kitanda changu. Ndiye aliyenigeuza, akanisafisha kinyesi, akaninywesha uji kwa kijiko. Nampenda sana kaka yangu. Na ni yeye huyo huyo aliyemwambia mjomba wetu, huku anakanda mguu wangu:

"Huyu akienda, bibi yake atarudi kwao Budondo. Watoto ni wa ukoo. Nyumba mimi nitaangalia."

Hakusema kwa ubaya. Kwake huo ndio utaratibu, na alikuwa analia. Tabisa alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akasikia yote. Alimimina chai, akawapa wote wawili, kisha akanifuta mate. Nilitaka kusema nyumba ni yake, sauti ikagoma. Nililia, wakadhani ni maumivu.

Siku hiyo nilimwomba Mungu anirudishie maneno tu, miguu abaki nayo akitaka.

Yalirudi kidogo kidogo. Tabisa alinifundisha kama mtoto mchanga: maji, uji, mama. Alinicheka nilipokosea, nami nikacheka kwa upande mmoja wa uso. Mguu ulifuata, nikaanza kutembea kwa fimbo. Nilipoweza kusema sentensi nzima, nilimwambia anipeleke kwa mwanasheria.

Mwanasheria, dada mmoja mpole, aliandika nilivyotaka: nyumba ni ya Tabisa, na watoto wakae na mama yao. Akasema tunahitaji mashahidi wawili ambao hawarithi kitu. Mmoja alikuwa mchungaji wetu. Wa pili nikampigia simu Wambede.

Alikuja pale ofisini, nikamsomea wasia mwenyewe. Akaniangalia.

"Kwa hiyo mimi sipati kitu?"

"Hupati, kaka. Ndiyo maana nimekuita wewe. Mtu akija kumtoa Tabisa, akute ni wewe uliyetia sahihi."

Alikasirika, siwafichi. Alitoka nje akakaa huko kwa muda. Aliporudi aliomba kalamu.

"Leta," alisema. "Ungekufa, ningemfukuza na ningeona nimekusaidia."

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, naishukuru mikono ya kaka yangu. Ndugu yangu mwenye presha, meza dawa kila siku, hata ukijisikia vizuri. Na andika wasia ungali na ulimi wako. Wanaokupenda hawawezi kujua nia yako kwa kukutazama tu kitandani.

Jioni ile ya kutia sahihi, tulipofika nyumbani, Tabisa hakuingia ndani. Tangu nilipolazwa alikuwa hapandi kitu pale uani ila sukuma wiki, mboga ya kuchumwa upesi. Alizunguka nyumba taratibu, akasimama karibu na dirisha letu, akagusa udongo kwa mguu.

"Hapa," aliniambia, "kesho nitapanda parachichi."