Pole kwa Mwanamke wa Kwenye Koti

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumamosi, bibi jirani yetu aliingia uani kwetu Tunduma akilia, kanga kiunoni, beseni la unga kichwani. Wanawake wanne walimfuata.

"Poleni na msiba, wanangu."

Mke wangu alinitazama mimi. Mimi nilitazama picha iliyokuwa ukutani, nikaelewa.

Mwezi mmoja kabla nilinunua koti la mtumba. Mfuko wa ndani ulikuwa na kadi ngumu iliyobandikwa picha ya mwanamke mweusi, gauni limemfunika hadi shingoni, mkono kauweka juu ya kiti. Mambo ya picha nimejifunza mwenyewe vitabuni. Kwa wembamba wa karatasi na rangi yake ya kahawia, nilikadiria ni ya karne ya kumi na tisa. Jina halikuwepo, mbele wala nyuma. Nikaipeleka studio ikakuzwe na kutiwa fremu.

Kosa langu lilikuwa kutompa fundi maelezo. Huku kwetu picha ya zamani hukuzwa kwa sababu moja tu. Kwa nia njema, fundi akaongeza msalaba na maneno: "Pumzika kwa amani, Mama." Nikaitundika hivyo hivyo, nikisema nitairudisha Jumatatu. Dirisha lilikuwa wazi, na kila apitaye uani aliiona.

Kufikia saa kumi sahani ya rambirambi ilikuwa na noti kadhaa. Mke wangu akanivutia jikoni.

"Baba watoto, kesho kanisani watasema tumebuni marehemu ili tule rambirambi. Toka ukaseme!"

Nikatoka, nikaeleza kwa mpangilio: koti, kadi, karatasi, karne.

"Kwa hiyo humjui?" mmoja akauliza.

"Simjui."

"Mbona pua ni yako?"

Walicheka hadi kanga zikawafunguka. Kila mmoja akachukua noti yake, isipokuwa bibi.

"Huyu mama yu hai?" akaniuliza.

"Hawezi kuwa hai, bibi."

"Basi amekufa. Nimeshamlilia, na machozi hayarudishwi. Kuna mwingine aliyemlilia, unamjua?"

Sikumjua.

"Haya, mwanangu," akamwambia mke wangu, "bandika maji, tusonge ugali."

Picha haikurudi studio. Koti ninalivaa, kwa hiyo silihesabu. Fremu na kukuza, elfu kumi na tano. Toa elfu mbili za bibi. Hasara: shilingi elfu kumi na tatu.