Siku Mtani Alipoifungua Kompyuta Yangu

Mtu aliyeniibia alinitangazia kwanza. Alisema kwa sauti, mchana kweupe, mikono ikiwa ndani ya kompyuta yangu, nami nikacheka mpaka nikafuta machozi, kisha nikaenda kumkaangia samaki. Ndiyo maana hata leo nikisimulia habari hii, watu hawajui wanionee huruma au wanicheke. Wengi huchagua kucheka.

Alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mzaramo wa Temeke, yeye Mnyamwezi, na sote tulikuwa makarani katika shirika moja la umma, mimi kwenye taipureta, yeye kwenye hesabu. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaweza kukusema mbele ya bosi, akala chakula chako, akaanua kanga yako kambani na kujifunga, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Mimi nilimwita mpagazi, kwa kuwa babu zake walibeba mizigo ya misafara kutoka bara hadi pwani. Yeye aliniita mla nazi, mvivu wa kuzaliwa, mtu wa kuamshwa kwa ngoma. Tuliamkiana hivyo miaka yote ya kazi, na sikumbuki hata siku moja neno lake kunichoma.

Shirika lilipouzwa tulipunguzwa kazi pamoja. Yeye akaenda kujifunza ufundi wa kompyuta kwa jamaa yake mjini. Mimi nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua kompyuta iliyotumika, kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha zake, nikaiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba napiga chapa na kutengeneza kadi za harusi. Wakati ule kila mtu alikuwa anafungua kitu. Mtaani kwetu kulikuwa na saluni, genge, video na mashine ya kukoboa, vyote katika vyumba vya mbele.

Kilichoniweka mjini ni mama. Mama yangu alikuwa mpambaji wa maharusi, na Temeke nzima ilimjua kwa hina na piko. Macho yalipoanza kuingia ukungu wateja wake wakapungua, lakini michoro yote ilikuwa kichwani. Basi nikamkalisha kando yangu, kiti kwa kiti, mimi nashika kipanya, yeye ananiongoza.

"Hapo kunja," alikuwa akiniambia. "Usinyooshe. Wewe umeona wapi jani limenyooka kama rula?"

Alinisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, na nikikosea alinipiga kofi la bega. Tulichora hivyo msimu hadi msimu: mizabibu ya viganjani, mawimbi ya vifundoni, pindo za kuzunguka kadi. Na katika kila mchoro, ua kubwa la katikati lilikosa petali moja. Mama hakukubali lijazwe. Alisema bibi harusi akikamilika anaita husuda, lazima uache mahali ambapo jicho baya litaona kasoro liridhike na kwenda zake. Wateja wangu wote waliijua petali ile isiyokuwepo. Walisema, "Nataka kadi ya ua la mama."

Mama akafariki. Siku ya mazishi mtani wangu alifika mapema kuliko baadhi ya ndugu. Wanaume walipotaka kutoa jeneza alisimama mlangoni kuwazuia, kama watani wafanyavyo misibani, akidai kwamba huyu bibi alikuwa na deni lake la ugali na hatoki mpaka lilipwe. Wakamlipa, akapisha. Kisha akaja uani kwa wanawake, akajifunga kanga ya mama, akatembea mwendo wa mama, ule wa kuburuta ndala na kuguna, akasimama mbele yangu na kusema kwa sauti ya mama, "Usinyooshe!" Mimi niliyekuwa sijaongea tangu alfajiri nilicheka. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na nadhani siku ile ndipo nilipomkabidhi mtu huyu funguo zangu zote.

Baada ya mama kuondoka nikaanza kuogopa. Mgao wa umeme ulikuwa umetushika kooni, na kompyuta ilikuwa kuukuu. Ikifa, mama anakufa mara ya pili. Nilikuwa na kisanduku cha nje cha kuhifadhia kazi, lakini kilichomekwa kwenye tundu la printa, na tundu lile lilikuwa linanyonya kama mtoto mgonjwa. Ukianza kunakili michoro yote baada ya adhuhuri, alasiri inakukuta, magharibi inakukuta, na umeme unakatika kazi haijafika nusu. Kila mara nilianza upya.

Nikamweleza mtani. Akasema dawa ipo: ndani ya kompyuta kuna nafasi za kuongeza bodi ndogo yenye matundu mapya, ya kasi, na kisanduku kipya kinachoendana nayo. Jamaa yake alikuwa akienda Dubai kila mara kufuata bidhaa. Nikakubali. Sikuwa mjinga, ushauri wenyewe ulikuwa wa kweli, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Alikuja asubuhi ya siku ambayo umeme ulikuwa zamu yetu. Akafungua mfuniko, tukakuta vumbi la miaka na mayai mawili ya mjusi.

"Mla nazi, umefuga humu?"

"Hao ndio mafundi wangu. Wewe kibarua tu, mpagazi."

Akatoa kibati cha nyuma, akachomeka bodi mpya, akawasha. Kompyuta ikakataa kuamka. Akazima, akachomoa, akapuliza, akajaribu nafasi nyingine. Hatimaye akagundua kwamba bodi mpya na ile ya sauti haziivi chungu kimoja. Akaing'oa ya sauti. Kompyuta ikaamka, ila bila kale kamuziki kake ka kuamkia, na toka hapo ikawa bubu.

Akachomeka kisanduku kipya na kuanza kunakili. Sikuamini. Picha ambazo nilizisubiri mchana kutwa zilipita pale kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Ndipo akatoa mfukoni kisanduku cha pili, pacha wa kile changu.

"Na hiki cha nini?"

"Mtani, leo nakuibia vyote. Mie mpagazi, mzigo nikiuona lazima niubebe. Nikitoka hapa umebaki na mayai ya mjusi."

Ndipo nilipocheka mpaka machozi. Nikamwambia aibe haraka chakula kinakaribia, nikaenda jikoni. Nilichagua samaki mkubwa. Niliporudi na sinia alikuwa amefunga mfuniko, ameketi, mikono imeshaoshwa. Akala, akausifu mchuzi wangu wa nazi kwa matusi kama kawaida, akatia vifaa vyake kwenye mfuko wa plastiki, ule wa rambo, akaondoka. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Kabla ya mvua za vuli wateja wakaanza kupotea. Nilidhani ni hali ya uchumi. Kisha shangazi wa binti mmoja wa mtaani, ambaye nilikuwa nimeahidiwa kadi zake, akanijia na aibu usoni akaniambia wameshachapisha Kinondoni, kwa yule kijana wako mcheshi, si mnafanya kazi pamoja? Michoro si ile ile?

Nikapanda daladala kwenda Kinondoni. Duka lilikuwa na milango ya vioo na feni mbili. Kwenye ukuta wa ndani, ndani ya fremu, ilikuwapo mikono ya mama yangu yote: mizabibu, mawimbi, pindo. Nikasogea kwenye ua la katikati. Lilikuwa limejazwa. Mtu aliona petali imesahaulika akaichora, nene, imenyooka kama rula.

Hakukuwa na mteja, ni mtani peke yake. Nilitegemea atanitania, na nadhani angenitania ningemsamehe. Hakunitania. Aliniita dada.

"Dada, kimeibwa nini? Kompyuta yako unayo. Michoro yako unayo. Hakuna kilichopungua."

"Ni ya mama."

"Mama kachora kwenye mikono ya watu, watu wakatembea nayo mjini kila mtu akaiona. Mimi nimeirekebisha tu."

Niligeuka nikatoka. Nilirudi Temeke nikiwa na hasira ya kung'ata ulimi. Nikaenda kwa mjomba, kaka yake mama, mzee wa kuheshimiwa mtaani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza swali lile lile: kompyuta si ipo? Nikasema ipo. Akasema, "Na alikwambia anaiba?" Nikasema aliniambia. Mjomba alijizuia, lakini mabega yalimtikisika. "Mwanangu, mtani hashtakiwi. Ukienda mbele ya wazee na kesi hiyo utawaua kwa kicheko."

Basi nikaiacha kesi. Niliendelea kupiga chapa barua za watu za kuomba kazi. Michoro sikuigusa. Kila nilipojaribu kuifungua niliona petali ile nene hata mahali ambapo haikuwepo, na kwa hilo nilimchukia zaidi kuliko kwa kunipokonya wateja.

Mwaka haujapinduka, mama yake mtani, aliyeletwa kutoka Tabora kutibiwa, akafariki hapa Dar. Habari ilinifikia kwa wenzetu wa zamani wa shirika. Mtani haachi msiba wa mtani. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu yeye alikuja kwangu, na deni la msiba halifutwi na deni jingine.

Nilipoingia uani wenzetu wa shirika wakapaza sauti: "Mtani kaja! Sasa mtaona!" Wanawake wakajisogeza kunipa nafasi. Yeye alikuwa ameketi mkekani, mdogo kuliko nilivyomjua, macho yamevimba. Wote wakaningojea nimwigize marehemu, nidai ugali, nizuie jeneza. Sikuwa nimeandaa utani wowote. Nilifungua mdomo ikatoka ile kesi niliyokuwa naimeza muda wote.

"Mpagazi, umemwiba mama yangu," nilisema. "Nilikukaangia samaki, ukambeba kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa na petali moja haipo, ukaijaza. Sitoki hapa mpaka uifute."

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka hadi wengine wakashikana. Nani amesikia mtu anadai petali ambayo haipo? Mama katika mfuko wa rambo! Machozi yaliponitoka ndipo wakazidi, wakasema huyu Mzaramo anajua hadi kulia. Bibi mmoja wa Kinyamwezi, kichwa cheupe, akavua kanga yake akanifunga mabegani kunituza, akasema tangu aje pwani hajaona mtani wa namna hii.

Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa mkeka. Katika uwanja ule mzima, aliyeniamini alikuwa yeye peke yake.