Swali la Kwanza la Simu

Alikuwa mkunga kabla ya kusomea kompyuta, na sasa anatengeneza programu ya simu ya kufuatilia wajawazito. Akija kliniki yetu hapa Kinyala huketi benchi moja na akina mama, huwapa simu, kisha huvitazama vidole gumba vyao vikibonyeza. Sikujua anatafuta nini humo. Siku moja mjamzito mmoja, Tumpe, aliulizwa na simu, “Hali yako?” Akabonyeza “Hali yangu nzuri” huku miguu imemvimba.

“Mbona umejibu hivyo, mama?” mkunga akamuuliza.

“Sasa nesi, mtu akikuuliza hali, utamjibuje?”

Mkunga akacheka. Alipompima presha akaikuta juu mno, kicheko kikakatika. Tumpe alikimbizwa hospitali, akajifungua salama. Swali lile limefutwa. Siku hizi simu haikujulii hali. Inakuuliza kama viatu vinakubana.