Kisu cha Kuchunia Ngamia

Mimi najisifu, na sioni haya. Nimekaa Makupa miaka ishirini na ushei, kibanda changu kinatazama malori yanayoingia kisiwani, na hayo malori ndiyo mgodi wangu. Springi ikikatika, dereva anaitupa. Mimi naiokota, naitia motoni, naifua. Panga zangu ziko Kisauni, ziko Kwale, na mpaka leo sijarudishiwa hata moja. Kwa hivyo niacheni nijisifu kidogo.

Ila katika vyote nilivyofua, kimoja ndicho kinachonitoa kifua mbele: kisu cha kuchunia ngamia.

Mwenyewe ni mzee wa Mji wa Kale, mchunaji tangu ujana wake. Kila Idi ya Kuchinja, mtaani kwao huchinjwa ngamia, na kumchuna ni kazi yake, kama ilivyokuwa kazi ya babake. Alikuja kwangu siku tisa kabla ya Idi. Akanisabahi, akaniuliza hali yangu, hali ya watu wangu, ya kazi, ya afya, mpaka mimi mtu wa bara nikachoka kujibu njema. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni mwa kanzu. Kidole cha shahada hakikuwepo. Msumeno wa mifupa ulikuwa umekikata machinjioni.

"Chanda chema huvikwa pete," akaniambia. "Changu kimekwenda bila hata hiyo pete."

Alicheka peke yake, kisha akanieleza. Mchunaji hukilaza kidole hicho juu ya mgongo wa kisu, nacho ndicho kinachompa habari ngozi imeishia wapi na nyama imeanzia wapi. Bila hicho alikuwa anabahatisha. Idi iliyopita aliitoboa ngozi mara tatu, na ngozi hutolewa sadaka. Ikitoboka hakuna anayeitaka. Wenzake walimwambia kwa upole kwamba sasa apumzike. Akawaomba wampe Idi moja tu. Akitoboa tena, ataacha kazi kwa hiari yake.

Nilimpa donge la udongo, nikamwambia alishike kama anavyoshika kisu. Vidole vyake vinne vikaacha alama zao, na nikaona mara moja kazi ya kile kilichopotea sasa ingefanywa na cha kati. Kwa hivyo mpini uwe na kitako juu cha kidole hicho kulala, na bapa liinamie chini kidogo. Ncha niliifanya butu, maana ncha kali ndiyo inayotoboa ngozi. Tumbo la kisu nikalipinda vizuri, liteleze. Mpini nikauchonga kwa kipande cha mbambakofi alichokileta mwenyewe, kilichobaki mlango wa nyumba yao ulipokarabatiwa.

Siku ya tano alikuja kukijaribu. Alikishika, akakata hewa mara mbili. "Kimenijua," akasema, akaondoka akitembea kama kijana. Kisu kilibaki kwangu nikimalizie kukinoa.

Nikageuka kuchukua kinoo, macho yangu yakaangukia debe.

Lo! Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, naye alinifundisha kwamba chuma kikitoka motoni, kizimwe kwenye mafuta ya nguruwe, yanakipoza polepole hakipasuki. Debe langu lina mafuta hayo tangu nilipoanza kazi. Majembe yote nimeyazima humo, na panga zote, na sikuwahi kuulizwa wala kujiuliza. Na kisu cha Idi cha Mwislamu, mwana wa Mwislamu, nilikizima humo humo, huku napiga mluzi.

Chuma hakisemi. Ningekaa kimya, angechuna ngamia wake, na hakuna ambaye angejua. Nililitazama lile debe mpaka nikalichukia. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilitaka kisu kile kizae jina. Nikakifunga kwa gazeti, nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alikaa kwenye baraza, akakitazama kisu kwa mbali kama mtu anayetazama chakula akiwa amefunga. Kisha akaenda msikitini kumwuliza maalimu wake. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Maalimu amesema kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo, nacho kitakuwa twahara.

"Haya, tukioshe," akasema.

Hapo kiburi changu kikanipanda. Nikamwambia hapana, hiki hakitoki. Akadhani nimerukwa na akili. Zimebaki siku nne, na kisu alichokipenda kiko mbele yake, halali. Nami niliona kwamba kila atakapokilaza kidole chake pale juu, atalikumbuka debe langu, na mkono wenye mashaka hutetemeka.

"Kisu changu hakiendi kazini na cheti cha ruhusa," nikamwambia. "Nitakufulia kingine."

"Ukishindwa, fundi, basi mimi nimekwisha," akasema, na hakuwa anatania.

Nilikwenda Marikiti nikanunua mafuta ya nazi na debe jipya. Sijawahi kuzima chuma kwa nazi maishani. Bapa la kwanza lilipasuka. Nikakaa chini, nikajitukana kwa lugha ya mama. Kisha nikafikiri: mafuta yamekuwa baridi mno. Nikayapasha moto kwanza, nikafua bapa la pili, nikalitia. Likatoka zima, na kibanda kizima kikanukia kama jikoni kwenye arusi. Nikauchonga mpini mwingine kwa ile mbambakofi iliyobaki, nikakinoa mpaka kikanyoa nywele za mkono wangu. Nilimpelekea siku moja kabla ya Idi. Alikishika kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kuondoka.

Siku ya Idi nilisimama uwanjani kwao, Mkristo peke yangu kati ya makanzu meupe, jasho likinitoka kuliko mchunaji mwenyewe. Alianza mgongoni, kwenye nundu, kama ngamia anavyochunwa. Hakuharakisha. Wenzake walikuwa wameinama, wakimtazama mkono. Ngozi ilishuka ubavu mmoja, ikashuka wa pili, mpaka ikalala chini yote.

Wanaume wanne wakainyanyua, wakaielekeza kwenye jua, nasi sote tukatafuta tundu. Nililitafuta zaidi ya wote. Hapakuwa na nuru iliyopenya, hata ya tundu la sindano.

Mchunaji mmoja, katika wale waliomwambia mzee apumzike, akakiomba kisu, akakigeuzageuza, akauliza kimefuliwa na nani. Nikavuta pumzi nijitaje. Mzee akanitangulia.

"Na huyo," akasema, akininyooshea ule mkono wenye vidole vinne. "Alinipa kizuri, akaninyang'anya, akanipa changu."

Kile cha kwanza kiko jikoni kwangu. Mke wangu anakatia maboga, na kila mgeni anayekisifu namwambia hicho si kitu, hajakiona kile kingine.